Mgongoni kwa Kibo

Wenzangu wa besi, tangu nirudi mmenifanya nisimulie safari hii vipande vipande: kidogo kabla ya mazoezi, kidogo kwenye ngazi za kanisa, na kila nikifika penye barafu mwalimu wa kwaya anagonga meza tuanze wimbo. Halafu wale wa teno wanajazia wanavyojua wao. Juzi nimesikia kwamba mimi nilifika kileleni na mama yangu alishushwa kwa machela. Hakuna aliyefika kileleni. Na aliyekaribia kushushwa kwa machela hakuwa mama. Basi nimekaa nikaandika yote. Someni, kisha mniache niimbe.

Mnanijua. Nashona nguo na kutengeneza cherehani za watu kwenye baraza langu, na baraza langu liko hatua chache kutoka nyumba niliyozaliwa. Sekondari nilisoma ng'ambo ya mto, nikawa narudi nyumbani kula mchana. Moshi mjini naenda nikiishiwa sindano na mikanda, na nikifika nafanya haraka kurudi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mke wangu, Mama Upendo, ambaye ametoka Kahe kule chini kwenye joto na mifereji ya mpunga, husema yeye alisafiri mara moja kwa niaba ya ndoa nzima.

Mdogo wangu Aika mnamkumbuka, alikuwa alto kabla hajaenda kufanya kazi ya uuguzi Nyuzilandi. Mwaka huu amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Baba wa mtoto ni mtu wa huko huko, mpole, anayejua maneno mawili ya Kiswahili na yote mawili ni ya chakula. Mama hakuweza kwenda. Habari za karatasi za viza nawarukisha, zilishatuchosha sisi na hazina haja ya kuwachosha ninyi. Ila mnajua kwetu hilo lina uzito gani, binti ajifungue asipate mkono wa mama yake wa kumpikia mtori wa ndizi na nyama. Lililobaki ambalo mama angeweza kulifanya akiwa mbali lilikuwa moja: kumwonyesha mtoto mlima.

Sisi sote tuliinuliwa tukiwa wachanga, tukaelekezwa Kibo, kilele kikubwa cha mlima wetu, na Mawenzi, kilele kidogo kulia kwake, yakasemwa maneno. Mama ni mtu wa kanisa, benchi la mbele, na ukimwuliza anasema hilo si jambo la dini, ni adabu tu. Mgeni akiingia mahali hupelekwa kwa mwenyeji akajulikane. Aika mwenyewe ndiye aliyeomba. Alisema tutafanya kwa simu, mama atasimama uani kwetu, yeye atamshika mtoto kule.

Tatizo lilikuwa Julai. Wingu lilishuka mpaka kwenye migomba, likakaa. Kila asubuhi mama alitoka na kitenge mabegani, akatazama juu, akaona pamba, akarudi ndani. Aika akipiga simu anauliza, "Mama, bado?" Mama anajibu, "Bado." Wiki ikaenda, nyingine ikaja, na sauti ya Aika ikaanza kuwa fupi. Siku moja akanipigia mimi pembeni.

"Kaka, niambie ukweli. Mama hamtaki mtoto kwa sababu ya baba yake?"

"Ni wingu, Aika."

"Wingu la siku zote hizi?"

"Umeisahau Machame ya Julai?"

Akaaga haraka. Nikajua hakuniamini, na kwamba wingu likikaa wiki nyingine kutakuwa na jambo kati ya hawa wawili ambalo jua halitalitoa.

Baadaye akamtumia mama video. Kwao nako ulikuwa msimu wa baridi, na kuna mlima wa volkano kama wetu, anauona kutoka dirisha la jikoni. Ulikuwa mweupe mpaka chini, na watu wamefunga mbao ndefu miguuni, wameshika fimbo mbili mbili, wanateleza kama watoto wanavyoteleza kwenye magome ya migomba mvua ikinyesha. Mama aliitazama mpaka simu ikaishiwa chaji. Alipomaliza akasema, "Kumbe mwanangu anakaa ndani ya friji." Halafu akasema tena, "Mimi nimeitazama hiyo theluji maisha yangu yote, sijui hata ikoje."

Godlisten, jirani yetu anayeendesha watalii, alikuwa amekuja kuchukua suruali. Akaingilia: "Bibi, wingu ni la kwetu huku chini tu. Juu kuna jua. Nikupeleke Shira, upande wa magharibi. Gari linafika mpaka juu kabisa, unashika barafu, mjukuu anaonyeshwa mlima kwa karibu, jioni uko nyumbani."

Mama akasema, "Eli atanisindikiza."

Hakuna aliyeniuliza. Mama Upendo peke yake ndiye aliyesema kitu, huku anasonga ugali: "Kwetu Kahe jioni mlima unaonekana mpaka unachoka kuutazama." Nikadhani anasifia kwao kama kawaida yake.

Kutoka barazani mpaka Boma

Siku ya safari mama alikuwa tayari kabla ya jogoo. Alivaa sketi mbili, sweta la marehemu baba na soksi mikononi. Ndani ya kikapu aliweka chupa kubwa ya chai aliyoijaza mtori, kiburu cha ndizi na maharage kwenye bakuli lenye mfuniko, na kwenye kona, juu ya kitambaa safi, majani mawili ya isale aliyoyachuma mpakani.

"Ya nini hayo?" niliuliza.

"Unakwenda kwa mkubwa mikono mitupu?"

Mnalijua isale, ila naandika kwa ajili ya mgeni yeyote atakayepitishiwa karatasi hii: ni jani refu la kijani tunalopanda mipakani, na ukimpelekea mtu uliyemkosea kumwomba radhi, hawezi kukukatalia. Mama alilibeba kwa heshima tu, kama unavyovua kofia mlangoni.

Mimi nilivaa kila kitu nilichokuwa nacho. Nilipokuwa nimemaliza masweta, mama alinitazama akaona bado upepo utanipenya, akaleta joho langu la kwaya. Ndiyo, lile jekundu. Mwenyekiti, faini niandikie, lakini ujue lilikuwa agizo la mama. Juu yake nikavaa koti, na joho likachungulia chini mpaka kwenye vifundo, na kola nyeupe ikatokeza shingoni.

"Kaka Eli," alisema Godlisten, akishika usukani, "unaenda kuoa au kuzika?"

Mpaka mji wa Boma wingu lilikuwa zito kiasi kwamba aliwasha taa. Mama alikaa mbele. Mimi nyuma, nimekumbatia kikapu, nawaza cherehani ya mama mchungaji niliyoiacha imefunguliwa tumbo.

Boma mpaka Ngare Nairobi

Tulipopita Sanya Juu ndipo nilipogundua kwamba mama akisafiri, anasafiri kama anavyotembea kijijini. Kila tulipopunguza mwendo alishusha kioo na kusalimia. Mzee aliyekuwa anachunga alipewa habari ya mjukuu. Mwanamke aliyebeba ndoo ya viazi aliulizwa viazi vimekubali mwaka huu, akaeleza kwa kirefu ugonjwa wa majani, na mama akamshauri, na Godlisten akazima gari maana aliona ushauri una sura nyingi.

"Bibi, tutafika giza."

"Kwani mlima unahama?"

Kisha tairi likapata msumari. Tulikaa pembeni ya shamba la karoti huku Godlisten akipiga jeki na mimi nikimshikia boliti, kazi niliyoifanya vizuri, mkitaka mumwulize. Mwenye shamba, mama mmoja mnene mcheshi, akatuletea karoti zilizooshwa na kikombe cha chai ya maziwa kila mtu. Akaniangalia joho, akaniangalia mama, akamwuliza mama kwa sauti ya huruma, "Mnampeleka kwenye maombi?"

"Namsindikiza tu," mama akajibu. "Hajazoea kutoka."

Mnaona. Anayesindikizwa tayari nilikuwa mimi.

Tulipoanza tena kupanda, barabara ikaingia kwenye misonobari na wingu likaanza kuchanika. Kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi tuliona kivuli cha mti. Mama alikitazama kile kivuli barabarani kana kwamba ni mtu anayemfahamu.

Getini

Pale geti la kuingilia hifadhini palikuwa na wapagazi wengi wanangoja mizigo ipimwe. Godlisten aliingia ofisini na mambo yake, na mimi nikashuka kunyoosha miguu. Ndipo joho liliponiponza.

Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu aliniona, akavua kofia. "Shikamoo, mchungaji."

Nikafungua mdomo kusema mimi si mchungaji, lakini wenzake walishasogea. Mkubwa wao akasema wanapanda siku nyingi, juu kuna baridi kali safari hii, tafadhali niwaombee kabla hawajaondoka. Wote wakainamisha vichwa. Nilimtazama mama aniokoe. Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Basi niliomba. Mimi ambaye mwalimu wa kwaya hanipi hata kusoma matangazo. Niliwaombea magoti yao, mizigo yao, viatu vyao, wake zao, nikafika kwenye hali ya hewa, na nilipokosa la kusema nikaimba ubeti mmoja wa ule wimbo wetu wa mavuno, besi peke yake, ambayo mnajua ikiimbwa bila sauti nyingine inafanana na mtu anayesukuma kabati. Wakasema Amina kwa nguvu. Yule mkubwa akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniletea maandazi.

"Umenifanya nidanganye watu," nilimnong'oneza mama.

"Umewaombea au hukuwaombea?"

"Nimewaombea."

"Basi."

Pembeni palikuwa na bibi mmoja wa kizungu, umri wa mama kabisa, ameshika fimbo mbili za chuma. Mama alimtazama, akanishika mkono. "Huyu naye anateleza kama wale wa kwa Aika?" Nikamwambia hizo ni za kutembelea. Mama akatoa kiburu, akamkatia kipande. Yule bibi alikula, akafumba macho, akampa mama fimbo moja. Hawakuelewana neno hata moja na waliongea muda mrefu. Nilichoelewa ni kwamba mama alionyesha kwa mikono tumbo, kisha mtoto, kisha mbali sana, na yule bibi akajishika kifua akainua vidole vitatu. Naye ana watoto wake walio mbali.

Shira

Gari lilipotoka msituni na kuishia penye uwanda, niliteremka nikiwa mzima. Nilitembea kidogo, nikakaa juu ya jiwe. Kichwa kilikuwa kinagonga kama cherehani iliyolegea skrubu, na maandazi ya wapagazi yakaomba kurudi. Godlisten akaniambia nipumue polepole, huku ndiko hewa inakopungua. Nikamwambia nyumbani kwangu hewa ipo ya kutosha na ndiyo maana nakaa huko. Akasema kuna machela garini nikihitaji. Hiyo ndiyo machela yenu.

Mama alikuwa anatembea na fimbo yake kama anayekwenda kukata majani ya ng'ombe. Jua lilikuwa kali na upepo baridi kama kisu. Mawingu yote ya kwetu yalikuwa chini, meupe, yametulia kama povu la maziwa kwenye ndoo. Huko chini ya hilo povu kulikuwa na nyumba yangu, ng'ombe wangu, na mke wangu akiwa na akili ya kukaa pale alipo.

"Bibi, hapa," Godlisten akaita.

Nyuma ya jiwe kubwa ambako jua halijafika palikuwa na theluji ya usiku, mkeka mdogo tu, imelala kwenye nyasi kama chumvi iliyopata unyevu. Mama alivua soksi mkononi. Akapiga goti taratibu, akachota kiganja kizima, akaifumba.

Nilingoja aiachie. Hakuiachia. Vidole vikaanza kupauka, maji yakadondoka.

"Mama, itupe, itakuumiza."

"Inauma," alisema. "Ngoja nijue."

Tukasimama pale, mimi nimeshikilia jiwe. Mama aliishika mpaka ikaisha yote mkononi.

"Na mtoto analala kwenye hii?"

"Ndani kwao kuna joto, Mama. Wana mashine."

"Mashine," akasema mama, akajifuta mkono kwenye sweta la baba. Halafu akaagiza tunywe mtori wote tuliobakiza, na chupa ilipokuwa tupu akaijaza theluji kwa mikono yake, akaikaza mfuniko.

Mtandao ulikuwepo karibu na mwamba fulani ambao wapagazi wanaujua. Aika alipokea mara ya kwanza kabisa ilipoita. Kwao usiku ulikuwa umeingia lakini alikuwa amekaa macho, amejiweka vizuri, amefunga kitenge alichopewa na mama siku ya kuagwa. Mtoto alikuwa amevalishwa kofia ya sufu aliyofuma mama. Nyuma yake mumewe alikuwa amesimama wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Mama, tuko tayari," Aika alisema.

Nilimpa mama simu. Akageuka kuutazama mlima. Kibo alikuwa pale mbele yetu, mkubwa, karibu, hana hata uzi wa wingu, na kwa kweli hata mimi nilisahau kichwa changu kibovu. Mama alitazama. Akaendelea kutazama. Niliona anautafuta mlima ndani ya mlima.

"Mawenzi yuko wapi?"

"Yuko nyuma, Bibi," alisema Godlisten. "Huku haonekani."

"Na kwetu ni wapi?"

Godlisten akanyoosha mkono kulia, mbali, nyuma ya mgongo wa mawe. "Kule, chini, upande wa pili."

Mama akashusha simu. "Basi huku tuko mgongoni."

"Mama," nilisema, "mlima hauna mgongo. Ni wa mviringo."

"Wewe umeutazama toka uzaliwe. Mkono wa kulia kuna nini? Mawenzi. Hapa mkono wa kulia kuna nini? Mawe. Mtoto hatambulishwi kwa mtu aliyekupa kisogo."

"Bibi," alisema Godlisten, "wageni wanatoka mbali kupiga picha upande huu."

"Wapige."

Simu ilikuwa wazi muda wote huo, na Aika alikuwa anasikia upepo na sauti zetu nusunusu. "Kaka, kuna nini?"

Mama akaiinua simu usoni. "Aika, siyo hapa."

Kisha nilimsikia mdogo wangu, sauti ndogo kabisa, "Siyo hapa, Mama, au siyo huyu?"

Na mtandao ukakatika.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Mtandao," nikajibu.

Tulijaribu tena na tena. Jiwe la wapagazi lilikuwa limefunga duka.

Kushuka

Mama hakuwasalimia watu wakati wa kushuka. Pale kwenye shamba la karoti yule mama mcheshi alipunga mkono, na mama akapunga mara moja tu, kioo kimefungwa. Chupa ya theluji aliipakata.

Kichwa changu kilipona kadiri tulivyoshuka, na kadiri kilivyopona ndivyo lile neno la Aika lilivyopata nafasi. Ngare Nairobi tulisimama kula chipsi. Mama hakula. Nikaona kama ningefika nyumbani na lile neno tumboni, ningelala nalo, ningeamka nalo.

"Mama, haukuwa mtandao. Aika aliuliza kama siyo hapa au siyo huyu."

"Huyu nani?"

"Mtoto. Anadhani humtaki. Kwa ajili ya baba yake. Anadhani wingu ni kisingizio, na leo akaona mlima mweupe kabisa, hauna wingu, na wewe umekataa."

Mama alinitazama kama nimempa kitu kizito bila kumwambia ashike vizuri. Akaufungua mkono ule ulioshika theluji, akautazama ndani.

"Na mimi nilitaka tu lifanyike sawasawa," alisema. "Sikuwepo kumpikia. Sikuwepo kumwosha mtoto. Hili moja nilisema nilifanye bila kasoro." Akavuta kikapu, akatoa majani ya isale, yalikuwa yameanza kulegea. "Nimelibeba siku nzima nampelekea mlima. Kumbe wa kuombwa radhi ni mwingine."

Godlisten, ambaye kwa kawaida hawezi kukaa kimya muda wa kumeza mate, aliweka chipsi chini. "Bibi, niseme kitu? Tukipanda Machame sasa hivi tunarudi ndani ya wingu. Huko hutaona hata jogoo."

Ndipo nilipomkumbuka mke wangu na ugali wake. Nilimpigia. "Mama Upendo, ulisema nini kuhusu Kahe?"

"Nilisema nini lini? Wewe huwa unasikiliza?"

"Kuhusu mlima."

"Subiri." Akampigia kaka yake aliyekuwa anafungulia maji shambani, akanirudia. "Anasema mlima unavua kofia ya wingu. Anaona mabega yote mawili. Shukeni chini mtoke kwenye wingu, acheni kupanda panda. Na maziwa nimeshakamua, usije ukaniuliza."

Tulikuwa tumeukwea mlima siku nzima kuutafuta, na kilichotakiwa ni kuupa nafasi.

Chini ya Boma

Godlisten hakukunja kwenda Machame. Aliteremka moja kwa moja, akaipita Boma, akaingia kwenye uwanda wa majani makavu ambako wafugaji wanapitisha ng'ombe, akazima gari. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Juu ya migomba yetu wingu lilikuwa bado limelala, jeusi chini, ila kutoka huku mbali tuliona kinachokaa juu yake.

Mama aliteremka na fimbo ya bibi wa kizungu. Alisimama, akakagua. Kibo kushoto, kichwa cheupe, rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai. Mawenzi kulia, meno yake yamekaa yalivyo.

"Huyu ndiye," alisema.

Kwa Aika ulikuwa usiku wa manane. Nikasema labda amelala, mama akasema mwenye mtoto mchanga halali. Simu ikaita, ikaita. Ilipopokelewa palikuwa na giza na taa ndogo ya kitandani, na Aika ananyonyesha. Hakufunga kitenge safari hii. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo, Mama," alisema, kwa adabu ile inayoumiza.

Mama hakuitikia. Aliinua jani la isale, akaliweka mbele ya simu, karibu kabisa, mpaka nadhani kule walikuwa wanaona kijani tupu.

Sijawahi kumwona mzazi akimpelekea mtoto isale. Ninyi je?

Aika alilitazama, na uso wake ukaachia. "Mama, liweke chini. Mama, usinifanyie hivyo."

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Umelipokea?"

Alijifuta pua kwa bega maana mikono ilikuwa na mtoto. "Nimelipokea."

"Marahaba, basi. Sasa mnyanyue Meku wangu nimwone." Meku kwetu ni mzee, na mama hamwiti mtoto hivyo mpaka awe wake kabisa. Aika alilijua hilo. Nilimsikia akimwita mumewe aamke.

Mtoto aliinuliwa, amekasirika, maziwa kwenye kidevu. Mama akaigeuza simu, kioo kikaelekea mlimani, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa chake.

"Mama, geuza," nilisema. "Hivyo humuoni."

"Siyo mimi nimwone. Aonwe."

"Lakini yeye haoni kitu."

"Kaka, nyamaza," sauti ya Aika ikatoka juu kule kwenye mikono ya mama. "Tunaona. Tunauona wote."

Na kweli, kamera ya mbele ilikuwa inautazama mlima. Fundi wa vyombo hapo ni mimi, mnajua.

Mama alisema maneno yake kwa Kimachame, yale yale aliyosemewa yeye na niliyosemewa mimi, kwa sauti ya kawaida ya kumtambulisha mtu kwa mtu. Alitaja jina la baba wa mtoto, akalikosea, akarudia mpaka likakaa. Godlisten alikuwa amevua kofia. Alipomaliza, akaishusha simu, akafungua chupa. Theluji ilikuwa imeshakuwa maji, yana vitone vya mafuta ya mtori juu. Akachovya kidole, akampaka mtoto paji la uso, pale kwenye kioo.

Simu ikakatika.

Tukatazamana. "Umemkatia," nilisema.

"Ameshapokea," alisema mama, akakaza mfuniko.

Aika alipiga mwenyewe, anacheka na kulia pamoja, mume naye anacheka bila kujua tunacheka nini. Wakaongea mambo ya maziwa na kufunga tumbo na nani anampikia. Mama akamwambia ameishika theluji, na kwamba sasa anajua, avae soksi. Mwisho akasema, "Na kesho kukikucha mtoe nje, umwonyeshe na huo mlima wa huko. Mwambie huyu ametoka kwa Kibo. Asikae mahali pasipojua yeye ni nani."

"Nitamtoa, Mama." Halafu Aika akafikiri. "Ila huu wa huku sijui uso wake ni upande gani."

Mama alishangaa kwamba mtu mzima, tena muuguzi, anauliza kitu kama hicho.

"Ni upande unaouona ukisimama mlangoni kwako," alisema.

Tulipanda Machame tukaingia tena ndani ya wingu. Mama Upendo alikuwa ameacha taa ya baraza inawaka. Cherehani ya mama mchungaji ilikuwa pale pale nilipoiacha, tumbo wazi. Nilivuta kigoda changu, nikakaa mlangoni na joho langu, nikatazama juu kwenye giza lile zito, upande ule ule ninaoutazamaga siku zote.